Maswali yenu: «Kitufe. Kitufe. Kitufe.»

Wiki hii ni zamu ya tovuti na watu wenye ulemavu. Maswali mawili ni yale yale ya kila mara. Nayajibu kwa shingo upande.

Kuna kampuni inatuuzia msimbo wa mstari mmoja. Ukiubandika, kiduara chenye alama ya mtu kinatokea pembeni, na wanasema tovuti inakuwa rafiki kwa kila mwenye ulemavu. Tununue?

Msinunue. Kiduara hicho kinakuza maandishi na kugeuza rangi, kazi ambazo simu na kivinjari cha mtumiaji vinazifanya tayari. Asiyeona anakuja na kisoma skrini chake, programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, alichokizoea miaka mingi. Hana haja ya kuazimwa kingine mlangoni. Na pale penye ugonjwa wenyewe, yaani fomu isiyo na lebo au picha isiyo na maelezo, kiduara kinabahatisha tu. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiagiza kampuni mojawapo ya viraka hivi ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba bidhaa yake inaweza kufanya tovuti yoyote itimize WCAG, miongozo ya kimataifa ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu. Fedha mliyotenga kwa kiraka mpeni fundi arekebishe fomu.

Sisi hatuna wateja wasioona. Bado inatuhusu?

Mmejuaje? Kisoma skrini hakijitambulishi kwenye takwimu za wageni wa tovuti, na aliyeshindwa kujisajili hamna naye rekodi.

Je, kila picha lazima iwe na maandishi mbadala?

Swali la kila mara, la kwanza. Kila picha iwe na `alt`, sehemu ya msimbo inayobeba maandishi hayo, lakini si kila `alt` iwe na maneno. Pambo liandikieni `alt=""`, tupu kabisa, na kisoma skrini kitalipita kimya. Msipoiweka `alt` kabisa, huenda mtu akasomewa jina la faili, herufi na tarakimu mpaka mwisho. Picha ikiwa ni kiungo, semeni kinapeleka wapi. Na tafadhali, msianze na «picha ya». Kisoma skrini kimeshamwambia kwamba ni picha.

Tovuti yetu ni ya Kiswahili kitupu, lakini msomaji mmoja asiyeona anasema anasomewa kana kwamba anayesoma ni Mzungu aliyeshuka jana. Kosa ni la kifaa chake?

Kosa ni lenu, na ninaweza kulitaja bila kuiona tovuti. Fungueni msimbo, mstari wa juu kabisa. Mtakuta `lang="en"`. Mlichukua kiolezo cha watu, mkatafsiri kila neno linaloonekana, mkaliacha hilo lisiloonekana. Kisoma skrini kinauamini mstari ule, na kinatumia kanuni za matamshi ya Kiingereza kwenye maneno yetu. «Pole» inakuwa *poul*. «Wake» inakuwa *weik*. «Pale» inakuwa *peil*. Sasa mpe mtu aya nzima ya namna hiyo, kwa kasi, halafu mwambie ajaze maombi ya kazi.

Andikeni `lang="sw"`. Herufi mbili tu. NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, huja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, yenye sauti ya Kiswahili. Ni sauti ya bati, sikatai, lakini inasema «pole» ikaeleweka. Penye nukuu ya Kiingereza katikati ya ukurasa, wekeni `lang="en"` kwenye kipande hicho peke yake. Sharti la kutaja lugha ya ukurasa limo katika WCAG 2.0 ya mwaka 2008, tena katika ngazi A, ya chini kabisa. Nimeshakuta tovuti zinazojisifu kuitetea lugha yetu zikiwa na «en» pale juu.

Dizaina wetu anasema maandishi ya kijivu hafifu yanatulia machoni. Ni kweli?

Machoni pake. Maandishi ya kawaida yanahitaji tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 dhidi ya rangi ya nyuma; makubwa, 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Ateremke hadi #767676, hapo amepita kwa wembamba wa unywele. Kama anatetea zaidi, atoke na simu juani.

Programu ya kupima imetupa alama 100. Tumemaliza?

Swali la kila mara, la pili. Mmeanza. Programu inaona kwamba `alt` ipo, haijui kama inasema kweli. Andika «mbuzi» kwenye picha ya daraja, utapewa alama zako.

Siku moja nilikaa kando ya rafiki yangu asiyeona akilipa bili kwenye tovuti ambayo siitaji. Alikuwa amejaza kila kitu. Akabonyeza Tab, kisoma skrini kikasema: «Kitufe.» Tab tena: «Kitufe.» Tena: «Kitufe.» Mimi niliona kalamu, pipa la taka na alama ya vema. Yeye alisikia neno moja mara tatu. Kabla sijafungua mdomo akabonyeza cha katikati, na dakika kumi za kazi zikaenda pipani. Hakukasirika hata. Alianza upya, na hilo ndilo lililoniuma.

Vile angalau vilikuwa vitufe, vilikosa jina tu. Wengi wenu mnatumia `div`, kisanduku kitupu cha msimbo, iliyopakwa rangi, ambayo Tab haiifikii kabisa, kisha mnairundikia ARIA, maelezo ya ziada ya msimbo yanayokiambia kisoma skrini kitu ni nini, ili ijifanye kitufe. `button` ilikuwapo tangu zamani, na inafika kwa kibodi bila kuombwa. ARIA iliyokosewa ni mbaya kuliko kutokuwapo. Na aliyeandika `outline: none` ili kuondoa ule mstari unaozunguka kitufe kilichochaguliwa, aurudishe leo. Asiyeweza kushika kipanya hana kishale kingine.

Tuandike «walemavu», «vipofu» au nini?

«Watu wenye ulemavu» na «wasioona» ni salama. Viziwi wengi wanajiita viziwi, msiwabatize upya. Mkishamaliza majina, pitieni viungo vyenu. Mwenye kisoma skrini anaweza kuviita vyote kwa orodha moja, na kwenu, ndugu muulizaji, nimevihesabu: «bonyeza hapa» kumi na moja.