Kwanini ukivuta mpira umbali mara mbili, nishati inakuwa mara nne

Mkuu umeuliza kwanini mwanao wa kidato cha pili kaambiwa springi ikivutwa umbali mara mbili, nishati inayokaa ndani yake inakuwa mara nne, wakati wewe ulitegemea mara mbili. Mimi nimekulia Mikindani na hili jambo darasani lilinipita kabisa, nilikuja kulielewa kwa manati na mizani ya mjomba ya kupimia samaki, ile ya kuning'iniza yenye ndoano.

Nilichukua mpira wa manati, tyubu ya baiskeli iliyokatwa upana wa kidole, nikaufunga kwenye ndoano nikawa navuta huku mdogo wangu kashika rula. Sentimita 10 mshale ukasoma kilo 2, sentimita 20 ukasoma karibu kilo 4. Hapo ndo penyewe mkuu, yaani ukifika 20 hujavuta umbali mara mbili tu, umevuta na kwa nguvu mara mbili, na hivyo viwili vinazidishana. Piga hesabu: kilo 2 ni kama nyutoni 20, lakini hukuanza na 20, ulianza na sifuri ukapanda taratibu kwahiyo wastani ni 10, zidisha kwa mita 0.1 unapata jouli 1. Safari ya pili wastani ni 20 zidisha kwa mita 0.2, jouli 4. Ile nusu kwenye fomula ya nishati ya springi (½kx², k ni ugumu wa springi, x ni umbali uliovuta) ndo huo wastani, mwambie asiikariri tu.

Ila jiwe la manati haliendi kasi mara nne, linaenda kama mara mbili, maana nishati ya mwendo nayo inapanda kwa mraba wa kasi. Na mpira hauna adabu kama springi ya chuma, ukiuvuta sana unakaza ghafla, na nishati nyingine inaishia kuwa joto humohumo ndani, hairudi kwenye jiwe.

Kubonyeza ni hesabu ileile, cha muhimu kuwe na nguvu pande mbili. Springi ukiisukuma upande mmoja mezani inateleza tu. Shokapu ya boda inabonyea sababu juu kuna dereva, abiria na gunia la korosho, na chini barabara nayo inasukuma kwenda juu.

Hiyo kanuni ya umbali wa kuvutika kwenda sawa na nguvu aliitoa Robert Hooke mwaka 1678, lakini ina mpaka wake, na huu nao tuliujua kwa vitendo. Mizani ya mjomba ilikuwa ya kilo 25, siku moja tukaitundikia mfuko wa saruji wa kilo 50 ili tuone itakuwaje. Tulipoushusha mshale ukarudi mpaka kwenye 2 ukagoma hapo, springi imeshanyooka haikumbuki tena urefu wake wa zamani. Mjomba akawa kila akipima pweza anatoa kilo 2 kichwani, mpaka aliponunua nyingine.