Maji ya bomba: majibu kwa wasomaji

Maji yetu hapa Kibaigwa ni meupe kabisa na hayana harufu. Ni salama?

Hili naulizwa kila mwezi. Macho hayaoni kimelea. Nenda ofisi ya maji, omba majibu ya maabara: E. coli, yaani bakteria wa kinyesi, wawe sifuri katika mililita 100.

Siku hizi maji yananuka dawa. Tuyamwage? (Mama, Mpwapwa)

Usimwage, mama. Yaweke kwenye ndoo safi yenye mfuniko hadi kesho, harufu itapungua. Dawa hiyo ni klorini, na inatakiwa ifike mpaka bombani kwako, angalau miligramu 0.2 kwa lita, ili iue vijidudu vinavyoingia njiani. Siku ya kuhofia ni ile ambayo haisikiki wala haipimiki.

Manyoni tunapata maji kwa mgawo. Yakirudi, ndoo za kwanza ni za rangi ya udongo. Kisima chetu kimepimwa kikaonekana safi. Tatizo liko wapi?

Liko kwenye bomba, ndugu yangu. Bomba likiwa tupu halina msukumo, na penye ufa hunyonya chochote kilicho nje: tope, maji ya mtaro, majimaji ya choo cha shimo. Maji yakirudi yanasukuma uchafu huo hadi jikoni kwako. Ndoo hizo za kwanza mwagilia miti, na hata yakitakata, ya kunywa chemsha.

Niliwahi kuonyeshwa karatasi ya vipimo ya mji mmoja mdogo, imepigwa muhuri vizuri, na sampuli zote zilichotwa kisimani. Hakuna hata moja ya bomba la mwisho wa mtandao, ambako watu ndiko wanakonywa. Kwangu mimi huko si kupima.

Na nyinyi mnaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili tenki lenu lijae haraka, acheni. Mnamnyima jirani maji, na mnavuta uchafu ndani ya bomba analolitegemea yeye na watoto wake.

Wanangu meno yana madoa ya kahawia, ingawa maji nachemsha. (Singida)

Madoa ya namna hiyo mara nyingi huletwa na floraidi, madini yaliyozidi kwenye maji, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, yenyewe inabaki, kwa hiyo kila lita inabeba zaidi. Zamani nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita. Kikomo cha sasa ni 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Chujio la kawaida la mishumaa ya kauri haliisaidii familia yako hapa. Mkaa wa mifupa, kama ule uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi kituo cha Ngurdoto kule Arusha, unaipunguza, lakini lazima ubadilishwe ukichoka. Madoa yaliyopo hayafutiki kwa kubadili maji. Wahi wadogo ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka: wanywe maji ya mvua, au ya chanzo kilichopimwa.

Maji ya chumvi yanaua?

Ladha ya chumvi peke yake, hapana. Ogopa naitreti, kemikali itokayo kwenye kinyesi na mbolea, ambayo haina ladha. Kisima kikiwa karibu na vyoo au zizi, usikorogee maziwa ya kopo ya mtoto mchanga kabla hakijapimwa.

Tumlalamikie nani?

Vijijini, chombo cha jamii kinachowahudumia maji, kisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani. Mjini, mamlaka ya maji, na wakikaa kimya nendeni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Andikeni barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkipewa majibu ya maabara, tazameni tarehe na mahali sampuli ilipochukuliwa. Karatasi isiyosema ni bomba gani, irudisheni hapo hapo dirishani.