Kabla ya Kung'oa Gego, Kata Kipande Kipimwe

Wiki hii dada mmoja wa Likoni ameniandikia: ana kivimbe juu ya kaakaa, hakiumi, na kliniki aliyoendea imemwambia ang'oe gego. Moyo ulinipasuka. Mimi niling'olewa jino zima kabisa kwa maneno yayo hayo, na uchungu wake ningali nao.

Changu kilikuwa kigumu kama kokwa ya ubuyu, nyuma ya kaakaa upande mmoja. Nilimeza antibayotiki, nikasukutua maji ya chumvi na karafuu, na kila aliyenitazama alisema jipu. Jipu huuma, likapasuka, likaisha. Hiki kilikaa, kikakua polepole bila maumivu.

Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya ndiye aliyenifumbua macho. Kinywani mna tezi ndogo za mate kati ya 600 na 1,000, na uvimbe wake hupenda kaakaa. Uvimbe wa ile tezi kubwa iliyo mbele ya sikio mara nyingi si saratani. Wa hizi ndogo, takriban nusu huwa saratani. Hakubahatisha. Alikata kipande kikaenda maabara, nikapigwa picha ya CT kuona kama mfupa umeguswa. Jibu: saratani ya mukoepidamoidi, aina moja ya saratani ya tezi za mate, daraja la chini, yaani isiyo kali.

Nilipasuliwa, pakatolewa uvimbe, nyama salama iliyouzunguka na kipande cha mfupa. Pakabaki tundu. Maji yakatokea puani, sauti ikawa ya king'ong'o, nami ni mwalimu wa madrasa! Nikatengenezewa kibao cha kuziba, huvaliwa kama meno ya bandia. Leo nikisomesha, hata herufi ya qafu hutoka safi, alhamdulillahi.

Kwa hiyo dadangu, vuka feri, ulizia daktari wa kinywa na taya pale hospitali ya Coast General. Usikubali jino ling'olewe wala kivimbe kichokolewe kabla kipande hakijapimwa. Narudia: kipimwe kwanza. Hata uvimbe usio saratani hutolewa wote, maana ukibakizwa hurudi.

Nanyi mliokwisha kupasuliwa, mwili ni amana. Mkiambiwa tiba ya mionzi, msikimbilie kunywa kombe la aya mkaiacha. Kliniki msizikatize, hasa wenye ile saratani ya tezi za mate iitwayo adenoidi sistiki: hiyo hufuata mishipa ya fahamu, na yaweza kuzuka mapafuni hata baada ya miaka 10.