Nocciola si Njugu: Jinsi Nilivyojifunza Kutafuta Rangi za Kweli za Ndege za Vita

Modeli yangu ya kwanza ya ndege ya vita ya Kitaliano, ya plastiki ya kuunda mwenyewe, niliipaka rangi ya ganda la njugu. Maelekezo ndani ya boksi yalitaja "nocciola chiaro". Nikamuuliza kijana mmoja anayeuza vinyago ufukweni, maana vijana wa ufukweni hapa Malindi Kitaliano kwao ni maji ya kunywa. Hakusita: "Noccioline? Njugu hizo!" Basi nikachanganya kahawia na nyekundu hadi nikapata ule wekundu wa ganda la ndani la njugu, nikaipaka SM.79 yangu, ndege ya kudondosha mabomu, ya kipimo cha 1/72 kuanzia pua hadi mkia. Nikaiweka juu ya kabati la duka letu, nikawa najisifu.

Wiki haikwisha. Mzee mmoja wa Kitaliano, jirani wa miaka mingi upande wa Casuarina, aliingia kununua soda, akaiona, akacheka mpaka akatafuta kiti. Akanieleza kuwa nocciola ni kokwa ya kwao ambayo huku haioti, na rangi yake ni hudhurungi iliyopauka, karibu na mchanga mkavu. Njugu ni nocciolina. Herufi mbili tu zilinigharimu chupa nzima ya rangi.

Halafu akauliza swali lililoniuma zaidi: "Hii ni ya mwaka gani?" Nikamwambia 1940. Ndiyo sababu niliichagua, kwa kuwa mwaka ule Waitaliano waliudondoshea mji wetu mabomu, na SM.79 ni mojawapo ya aina walizokuwa nazo Afrika Mashariki, pamoja na SM.81 na Caproni Ca.133. Mzee akatikisa kichwa. Nocciola chiaro 4 ni jina linalotoka kwenye orodha iitwayo Tavola 10, na orodha hiyo ilitoka 1941. Kabla yake walitumia rangi zilizoitwa "mimetico": za manjano, za kijani, za kahawia, kila moja na namba yake, na viwanda havikufanana katika kuzichanganya. Kwa hiyo hata ningepatia ile nocciola, bado ningekuwa nimeivisha ndege ya 1940 nguo ya mwaka uliofuata.

Tangu hapo swali langu limebadilika. Siulizi tena "SM.79 ilikuwa na rangi gani?" Nauliza ndege hii, yenye namba hii ubavuni, siku picha hii ilipopigwa, ilikuwaje. Mtu wa pwani hili halimpi shida. Nenda Matondoni kule Lamu umuulize fundi jahazi lina rangi gani, atakuuliza wewe: lipi, na lini? Buluu ile ile ya mkebe mmoja, baada ya kaskazi mbili juani na chumvini, huitambui. Upande uliolalia kivuli una rangi yake, upande wa jua una yake. Ndege iliyokaa miezi kwenye kiwanja cha vumbi bila hanga ni vivyo hivyo, na zile za Kitaliano za huku zilikuwa zimekatika na kwao. Usitegemee ziwe zilipakwa upya kila amri mpya ilipotoka Roma.

Ukishachagua ndege yako moja, anza na mkia. Italia iliingia vitani Juni 1940 ndege zake zikiwa na mistari ya kijani, nyeupe na nyekundu kwenye msukani wa mkia. Haikuchukua muda ikaondolewa, ukawekwa msalaba mweupe wa nasaba ya kifalme ya Savoia, kwa sababu ukiwa mbali ile mistari ilifanana mno na ya Wafaransa. Picha yenye mistari na picha yenye msalaba ni picha za nyakati mbili. Alama ndogo kama hiyo inakupa tarehe hata pale ambapo hakuna aliyeiandika nyuma ya picha.

Sasa picha zenyewe. Hapa ndipo wengi tunapoangukia, kwa kudhani kwamba kijivu cheusi ni rangi nzito na kijivu cheupe ni rangi nyepesi. Filamu za zamani zilikuwa za aina mbili. Ile ya othokromatiki haikuiona nyekundu kabisa, kwa hiyo nyekundu inatoka karibu na nyeusi, manjano nayo inatiwa giza, na buluu inapauka. Ya pankromatiki iliziona rangi zote, kwa hiyo manjano yake hutoka nyeupe-nyeupe. Chukua duara la utambulisho la ndege ya Kiingereza lenye pete ya manjano nje. Kwenye filamu ya kwanza pete ile ni giza tupu, utaapa haimo. Kwenye ya pili inang'aa. Ndege ni ile ile moja! Kwa hiyo kabla ya kuhukumu rangi ya mabaka, tafuta kwanza katika picha kitu ambacho rangi yake unaijua kwa yakini, kama bendera au hilo duara, kikuonyeshe filamu ilikuwa ya aina gani.

Na kuna mambo ambayo picha haiwezi kuyamaliza. Ndege za Afrika Kusini zilizopigana kutokea Kenya, kama Hartbees na zile Junkers Ju 86 za Kijerumani zilizokuwa zikibeba abiria kabla ya vita, zilikuwa na rangi ya chungwa katikati ya duara mahali pa nyekundu ya Kiingereza. Katika filamu ya othokromatiki chungwa na nyekundu zote zinakwenda kwenye giza. Hapo unahitaji karatasi: amri ya jeshi, kitabu cha kikosi, barua ya rubani. Nimeona Hartbees nyingi zilizoundwa kwa ustadi wa hali ya juu, na katikati ya duara nyekundu ya Uingereza inakuchekea.

Picha za kuanzia zipo nyingi bila malipo: Imperial War Museum ya London, Istituto Luce ya Roma (humo andika Kitaliano, Kiingereza hakikufikishi), na maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress, yenye picha za rangi halisi za viwanda vya ndege za miaka ya vita. Ndege ya makumbusho itazame kwa jicho la wasiwasi. SM.79 iliyopo Vigna di Valle, Italia, baada ya vita ilitumika Lebanon kabla ya kurudishwa kwao. Rangi unayoiona leo ilipakwa na watu wa makumbusho. Umbo lake ni ushahidi, rangi si ushahidi.

Kuhusu kununua, usihangaike na jina la rangi, tafuta namba. Wamarekani walikuwa na Federal Standard 595 (tangu 2017 inaitwa AMS-STD-595, namba ni zile zile), tarakimu tano: ya kwanza ikiwa 3 rangi haing'ai, 2 inang'aa nusu, 1 inang'aa kabisa, ya pili ni kundi, 4 ikiwa kijani, 5 buluu, 6 kijivu. Ukikuta 34079 unajua mara moja ni kijani kisichong'aa. Waingereza wana BS 381C, ambamo 641 na 638 ni kijani na kijivu vya mabaka ya Hunter, ndege ambayo hata Kenya iliwahi kuirusha. Wajerumani wana RAL. Namba hizi mchanganyaji mzuri wa rangi za magari anaweza kukutolea, nawe hukuagiza kitu ng'ambo. Na rangi zenye kushika moto huwa hazipokelewi kwenye mizigo ya ndege, nilishapoteza pesa hapo. Ila rangi ya gari inayeyusha plastiki. Paka kwanza rangi ya msingi, kisha jaribu kwenye kipande cha kutupa. Linganisha rangi nje, kivulini, saa nne asubuhi. Chini ya balbu rangi mbili tofauti zinaweza kukudanganya kuwa ni moja. Halafu tia tone la nyeupe. Ndege ndogo ikipakwa rangi halisi ya ndege kubwa, machoni huonekana nzito kupita kiasi. Kuna wanaobisha hili. Mimi natia.

Jambo moja la huku kwetu. Ukiwa Lamu, usiende upande wa kambi ya jeshi ya Manda Bay na kamera ukidhani utapiga picha ya ndege ya jeshi kwa ajili ya modeli yako. Sehemu za kijeshi haziruhusiwi kupigwa picha, na utakaposema "nataka kujua kijivu chake" hakuna askari atakayekuelewa.

Stika za maji, zile za alama za ndege, zilizogeuka manjano zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha, uubandike kwenye kioo cha dirisha. Jua la Malindi hurudisha weupe kwa siku chache. Vanishi isiyong'aa ya kupuliza, hiyo usiiguse masika. Hewa ikiwa na maji inaganda na ukungu mweupe, na kazi ya miezi mitatu inakuwa kama imemwagiwa unga. Ju 86 yangu iko tayari tangu Aprili, chungwa lake limetulia katikati ya duara, imefunikwa kanga ya mama kuzuia vumbi. Kila siku mama anauliza kanga yake atarudishiwa lini, nami namjibu mvua ikiisha.