Korona na umri wa kuishi wa wazee makaoni

Dada yangu wa Ngamiani, unahofu kwamba mama yako mkubwa, anayetunzwa katika makao ya wazee Uingereza, amebakiwa na miaka michache kwa sababu korona ilishusha wastani wa umri wa kuishi huko. Wastani huo hukokotolewa kutokana na vifo vya mwaka husika, hivyo unasimulia msiba wa 2020, wala haumtabirii yeye. Mwaka ule wagonjwa walitolewa hospitalini wakapelekwa makaoni bila kupimwa, na mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kuwa sera hiyo ilikiuka sheria kwa kutozingatia hatari ya walioambukizwa wasio na dalili. Ukipiga simu, muulize msimamizi kama mama amechanjwa, na kama mtumishi mwenye kikohozi hulipwa anapobaki nyumbani, kwani asiyelipwa atakwenda kazini akiugua.