Audio za Bulaya zisiwagombanishe

Mdogo wangu, wewe na wenzako wa komini Kenya, huko Lubumbashi, mmeniuliza kama ni kweli huku Ubelgiji sisi Wakongo, Wakatanga na Wakasai, hatusalimiani, maana audio zinazowafikia kwenye WhatsApp ni matusi matupu. Nawajibu bila kuficha.

Huku hakuna Mkatanga wala Mkasai, kuna mweusi. Nilipotafuta nyumba Brussels nilipiga simu asubuhi, nikaambiwa ipo. Nilipotaja jina, mwenye nyumba akasema atanipigia. Kimya. Mchana akapiga Mbelgiji ninayefanya naye kazi, akaambiwa njoo uione leo leo. Sheria yao inakataza ubaguzi wa rangi tangu 1981, lakini maneno ya kwenye simu utayathibitisha vipi?

Aliyenipokea ni mama mmoja wa Mbuji-Mayi, kule Kasai. Nililala sebuleni kwake, nikala bukari (ugali) na sombe (kisamvu) yake, na hakuniuliza kabila hata siku moja.

Sasa hao wa audio. Mmoja namfahamu vizuri. Jumamosi ananyolewa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kwa kinyozi wa Kananga, Mkasai, wanacheka, wananunuliana bia. Usiku anajifungia chumbani, anashika simu: Wakasai warudi kwao! Inaniuma sana. Yeye kesho ataamka aende kazini salama, hana jirani wa kumwogopa. Watakaoumia ni ninyi wa huko Lubumbashi, wa Katuba na Kamalondo, mnaochota maji pamoja na kuoana.

Waulizeni wazee habari za 1992. Kwanza yalikuwa maneno ya mikutanoni, Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Kisha wakafukuzwa majumbani, familia nzima zikalala stesheni ya Likasi, hapo Katanga, zikingoja treni ya kwenda Kasai, na watoto wakafia palepale. Wengi walikuwa wazaliwa wa Katanga. Babu zao waliletwa na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, kuchimba shaba. Siku zile mchochezi alihitaji uwanja na watu wa kumpigia makofi. Leo anahitaji megabaiti chache tu.

Kwamba kazi na vyeo vinagawanywa kwa upendeleo, hilo lisemeni, tena kwa sauti, mkiwataja wanaogawa. Mama anayeuza mikate kando yenu hajagawa cheo chochote.

Audio ulizonazo usizisambaze. Nitumie mimi peke yangu. Jumamosi nitakwenda Matonge, nimsikilizishe mwenyewe mbele ya kinyozi wake.