Buhigwe kuongoza kwa mawese? Angalia fomu yako kwanza

Kijana mmoja wa Kasulu ameniandikia: "Kaka, fomu yangu inajituma yenyewe kabla mteja hajamaliza kujaza. Nimehangaika na JavaScript mpaka nimechoka." Mdogo wangu, JavaScript, ile lugha ya kuprogramu kurasa za wavuti, iache kwanza. Angalia vitufe vyako.

Naandika nikiwa bado na furaha, maana juzi nimemaliza kazi iliyowashinda wakubwa. Hapa Kigoma mjini kuna mzee ananunua mawese, na mawakala wake wanajaza fomu kwa simu: jina la mkulima, wilaya, idadi ya madumu, bei. Fomu hiyo alitengenezewa na watu wa Dar kwa pesa ndefu. Mimi niliiomba kazi hiyohiyo nikaambiwa bado nakua. Haya.

Msimu ulipokwisha, ripoti ikasema wilaya ya Buhigwe ndiyo inaongoza kwa mawese. Buhigwe! Kule kwenye kahawa na baridi, eti kumeziacha mbali Uvinza na Kigoma zilizoko kando ya ziwa. Mzee akaanza kuwashuku mawakala kwamba wanapika namba, na wawili walibaki kidogo tu wafukuzwe.

Nikafungua fomu. Wilaya zimepangwa kwa alfabeti: Buhigwe, Kakonko, Kasulu, Kibondo, Kigoma, Uvinza. Orodha ya select, yaani ile ya kushuka unayochagua jibu moja, usipoiambia ianzie wapi, kivinjari kinakuchagulia ya kwanza. Wakala yuko Kibirizi, jua la saa saba, madumu yamepangwa foleni, watu wanadai hela zao. Anaona sehemu ya wilaya imeshajaa, anapita. Hakudanganya mtu, fomu ndiyo iliyomjibia. Nikaweka mwanzoni chaguo la "Chagua wilaya" lenye value (thamani inayotumwa) tupu, na required, yaani "lazima ijazwe", kwenye select yenyewe. Asipochagua, fomu haiondoki. Ni hilo tu, na watu walilipwa!

Rekodi za zamani lakini hazitibiki. Aliyechagua Buhigwe kwa kukusudia na aliyepita bila kuangalia wameandikwa sawasawa kwenye hifadhidata. Ndiyo maana nasema usimjazie mtu jibu ambalo hujui. Tarehe ya leo jaza, jina la wakala aliyeingia na akaunti yake jaza. Idadi ya madumu usiweke 1, acha wazi. Ukitaka kuonyesha mfano tumia placeholder, yale maandishi hafifu ndani ya kisanduku, maana hiyo haitumwi, ila value inatumwa hata kama hakuna aliyeigusa. Na kisanduku cha tiki kisipotikiwa hakitumi "hapana", hakitumi kitu kabisa, kwa hiyo upande wa seva ujiandae.

Sasa vitufe, kijana wa Kasulu. Kitufe cha button kilichomo ndani ya fomu, usipokiandikia type (aina yake), kivinjari kinakihesabu kuwa submit, yaani cha kutuma fomu. Kwa hiyo kile cha "Ongeza bidhaa" ulichoweka katikati kinatuma fomu nzima. Kiandikie type="button", ulale. Tena ukumbuke Enter: mtu akiibonyeza akiwa kwenye kisanduku cha maandishi, kivinjari kinabonyeza submit ya kwanza kwa mpangilio wa msimbo, hata kama kwa macho umeisogeza chini kwa CSS, lugha ya kupanga mwonekano. Kwa yule mzee "Futa oda" ilitangulia "Hifadhi", zote submit. Hebu fikiria.

Vijana wenzangu tunakimbilia mifumo mikubwa ya kisasa, huku type ya kitufe hatujui. Someni HTML, lugha inayoandikia kurasa na fomu hizi. Someni, halafu muisome tena, hata kama mnaiona ya watoto.

Na kitufe cha reset kitoe kabisa. Wengi wanadhani kinasafisha fomu, kumbe kinarudisha thamani za mwanzo, yaani kwenye fomu ile ya zamani Buhigwe inarudi palepale. Wakala aliyejaza orodha ndefu akikigusa kwa bahati mbaya kwa kidole gumba, yote yamekwenda, na kivinjari hakimuulizi kama ana uhakika.